Tochi ya bei poa isiyokuangusha usiku: anza na betri, tochi inafuata

Mbukwenyi ndugu zangu. Haya naandika kwa sababu ya mama yangu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka juzi alinipigia saa tano usiku, yuko kijijini huko upande wa Bahi, Dodoma, umeme umekatika toka jioni, mvua inanyesha, mbuzi wanalia zizini, ananiambia "Mwanangu, ile tochi yako haiwaki." Tochi yenyewe nilimnunulia mimi miezi minne nyuma, ya kuchaji, kubwa, boksi limejaa manamba makubwa makubwa, nikaona hapo nimemaliza. Ikabidi atoke na kitochi, ile simu ndogo, akaibana kwa meno ili apate mikono miwili ya kufunga kamba ya mlango wa zizi. Asubuhi akakuta nyayo za fisi kwenye tope, hatua kama ishirini tu kutoka pale alipokuwa amesimama.

Toka siku ile nimekuwa mtu wa kufungua tochi. Nimefungua zangu, za majirani, za shemeji yangu mlinzi, na nilichokuja kugundua ni kwamba wengi wetu tunanunua kinyume, tunachagua tochi kwanza halafu betri tunaikubali yoyote iliyomo. Inatakiwa uanze na betri. Tochi nzuri yenye betri ambayo huwezi kuipata pale ulipo ni bomba tu la plastiki, haina kazi.

Hatua ya 1: Tochi ni ya nani na ataitumia wapi

Mtu wa Kisasa au Area C, hapa Dodoma mjini, ambaye umeme ukikatika anataka aone ngazi na mahali ilipo mita ya luku, huyo tochi ndogo inamtosha. Mlinzi anayezunguka fensi usiku kucha anahitaji inayofika mbali na inayodumu masaa. Mama wa kijijini mwenye choo cha nje na zizi anahitaji ambayo mkono wenye maji au tope unaiwasha bila shida na inayomwangazia chini anapokanyaga, maana huku kwetu nge wapo, hasa kwenye kuni na mawe. Anayekamua maziwa usiku, fundi, mtu wa bodaboda anayebadilisha tyubu gizani, hao wanunue ya kichwani, mikono ibaki huru.

Na simu je? Simu iache iwe simu. Taa yake inatawanyika, haifiki mbali, na kila dakika inayowaka inakula chaji utakayohitaji kuita gari mgonjwa akizidiwa. Juu ya hapo unaishika hewani usiku, ikidondoka kwenye shimo la choo ndio imeenda.

Hatua ya 2: Pita kwa Mangi kabla hujaenda mjini

Hii hatua wengi wanairuka na ndio iliyoniangusha mimi. Nenda duka lililo jirani kabisa na huyo atakayetumia tochi, angalia kwenye shelfu kuna betri gani. Sio betri gani zipo Majengo au Sabasaba, hapana, pale pale kijijini ambapo mtu anaweza kumtuma mtoto saa moja jioni na buku mkononi.

Maduka mengi ya vijijini utakuta za aina mbili tatu. Kuna zile kubwa nene za redio, kwenye ganda zimeandikwa R20 au D. Kuna ndogo za kawaida, R6 au AA, na nyembamba za rimoti, R03 au AAA. Wazee watakumbuka zile kubwa za National zilizokuwa zinatengenezwa Dar es Salaam na Matsushita, redio ya nyumba nzima ilikuwa inaendeshwa na hizo. Kama duka lina hizo tu basi tochi yako iwe ya kula hizo hizo. Usimpelekee mtu tochi ya betri inayopatikana mjini peke yake halafu nauli ya kuja mjini inazidi bei ya betri.

Kama nyumbani kuna umeme wa uhakika au sola inayochaji simu vizuri, hapo unaweza kwenda kwenye za kuchaji, na mwisho wa mwaka utakuwa umetumia hela kidogo zaidi. Ila soma hatua inayofuata yote kabla hujalipa.

Hatua ya 3: Zijue betri zenyewe

Hapa nakaa kidogo maana ndipo hela inapopotelea.

*Zinki-kaboni.* Hizi ndizo za bei ya chini, nyingi zimeandikwa Heavy Duty na mtu akiona hivyo anadhani ndio ngumu kuliko zote, kumbe ni za daraja la chini. Namna ya kuzitambua angalia ile alama ya kwenye ganda: R20, R6, R03, bila herufi L mbele. Kopo la ndani la hii betri ni zinki na hilo kopo ndilo upande hasi, yaani kadri unavyotumia betri kopo linaliwa taratibu, na betri ikifika mwishoni linaweza kutoboka na maji yakatoka. Ndio maana ukisahau betri kwenye tochi miezi kadhaa unakuta springi imeota kutu na betri imeganda humo ndani haitoki.

Ya mama, ile tochi yake ya zamani ya bati, niliikuta hivyo hivyo. Nilifungua kifuniko cha nyuma kikagoma, nikakizungusha kwa kitambaa, kilipotoka kikaja na springi iliyokatika, na betri ya ndani imevimba imeshikana na ukuta wa bati, ute wa kahawia umekauka pembeni. Mama alikuwa ameigonga gonga kizingitini wee mpaka mdomo wa tochi umebonyea, betri haikutoka. Miaka yote alikuwa na tochi nzuri kabisa iliyouliwa na betri moja iliyosahaulika.

Kingine, kuanika betri juani. Tumekua tunaona, betri zimepangwa juu ya bati au kwenye dirisha, jioni zinarudishwa kwenye redio na kweli inaongea. Kinachotokea ni kwamba joto linaharakisha kemikali iliyobaki, na betri ikipumzika nayo inajikusanya kidogo, kwa hiyo unapata dakika kadhaa halafu basi. Hakuna umeme ulioingia kutoka kwenye jua. Ila sasa umeipasha joto betri ambayo kopo lake limeshaliwa, umeisogeza karibu na kuvuja. Na ukiitoboa au kuigonga na jiwe ndio mbaya kabisa. Zinki-kaboni zinafaa kwenye saa ya ukutani na rimoti, huko kwenye kazi ndogo zinadumu vizuri na sioni haja ya kulipa zaidi.

*Alkalaini.* Alama yake inaanza na L: LR20, LR6, LR03. Volti ni ile ile 1.5 lakini ndani inabeba mzigo mkubwa, na kwenye tochi yenye mwanga mkali ndio utaona tofauti, inaweza kwenda mara tatu au zaidi ya zinki-kaboni. Watu wanakimbia bei. Piga hesabu hivi, na hizi namba ni za mfano tu, weka bei za kwenu: pea ya zinki-kaboni buku moja inakupa usiku 6, pea ya alkalaini buku mbili na nusu inakupa usiku 20. Ya kwanza usiku mmoja ni kama shilingi 167, ya pili shilingi 125. Ile ya bei juu ndio rahisi. Lakini ifanye mwenyewe na daftari, andika siku uliyoweka na siku iliyokwisha, ukifanya mara mbili tu utajua ukweli wa duka lako.

Alkalaini nayo inavuja ikisahaulika, unga mweupe. Kuna kipimo cha mtaani ambacho kwa alkalaini kina ukweli: iachie kwa kusimama kutoka urefu wa vidole viwili vitatu juu ya meza ngumu, mpya inatua puu na kusimama, iliyotumika inadundadunda. Ikidunda sio lazima imekwisha, ila imeshatumika, na muuzaji anayekuuzia kama mpya anakuibia. Kwa zinki-kaboni kipimo hiki usikitegemee.

*Za kuchaji zenye umbo la AA na AAA.* Hizi ni nikeli, zimeandikwa Ni-MH na volti 1.2. Usiogope hiyo 1.2, betri ya kawaida inaanza 1.5 lakini inashuka haraka, hii inakaa karibu na 1.2 muda wake mwingi, tochi nyingi za LED zinakubali. Unazichaji mara mia kadhaa. AA ya kweli ni kama mAh 2,000 hivi (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), ukiona nyepesi kama karatasi na imeandikwa 4,000 iache. Chagua zilizoandikwa zinatunza chaji, hizo ukizichaji leo ukaziweka kabatini miezi sita bado zina moto. Zinahitaji chaja yake. Na kamwe usichaji betri ya kawaida kwenye hiyo chaja, zinaweza kuvuja au kupasuka.

*Litiamu, zile za 18650.* Hizi ndizo zilizomo kwenye tochi nyingi ndogo za chuma za siku hizi, nene kuliko AA, na jina lake ni vipimo vyake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65, ile sifuri maana yake ni ya mviringo kama bomba. Volti 3.7, ikijaa 4.2. Kwa mtu mwenye umeme au sola hii ndio napendekeza kuliko zote, ila soko limejaa feki mpaka inauma roho.

Kwanza soma mAh. Ya kweli nyingi ziko kati ya 2,000 na 3,500. Ukiona 9,900 au 12,000 kwenye 18650 huo ni uongo wa wazi, hakuna haja ya kubishana. Pili pima uzito, hii ndio silaha yangu. Ya kweli iko kama gramu 45. Nilichukua moja nyekundu imeandikwa 9,900, nikaiweka kwenye mizani ya jikoni ya dada anayepika keki hapa Ipagala, ikasoma 29. Nikaweka niliyoitoa kwenye betri ya laptop ya zamani, ikasoma 45. Zimelingana urefu, zimelingana unene, ukizishika moja kila mkono unasikia kabisa moja haina kitu. Feki nyingine ndani wanaweka betri ndogo na nafasi inayobaki wanajaza unga. Mwenye duka la vifaa au la dhahabu ana mizani, muombe tu.

Tatu, umbo la kichwa. Nyingine zina chuchu upande chanya, nyingine bapa, na zile zenye saketi ya ulinzi zinakuwa ndefu kidogo, mpaka karibu milimita 70, kwenye tochi nyingine haziingii. Nenda dukani na tochi yako, jaribu kabla ya kulipa.

Sasa usalama wa litiamu, naomba hapa tusikilizane. Ganda la plastiki likichanika usitumie mpaka ubadilishiwe ganda, maana mwili mzima ni upande hasi na ukigusana na chuma juu kabisa inapiga shoti. Usiitie mfukoni na funguo au sarafu. Imekaa miaka na multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi, inasoma chini ya volti 2.5, usiichaji, achana nayo. Imevimba au inachemka ikichajiwa, toa, peleka nje mbali na vitu vya kuungua. Usichaji juu ya godoro umelala. Na usiiache kwenye dashibodi ya gari limeegeshwa juani pale Nyerere Square kutwa nzima, joto ni adui yake mkubwa.

Na angalieni mapacha. Kuna litiamu yenye umbo sawasawa na AA, inaitwa 14500, ina volti 3.7. Ukiweka kwenye tochi ya AA ya kawaida unaweza kuunguza taa palepale. Kuna na nyingine ndani ya taa za sola, umbo la 18650 lakini volti 3.2, inaandikwa LiFePO4, hiyo isiwekwe kwenye chaja ya 4.2. Soma volti kila mara, usiamini umbo.

*Zile za kuchomeka ukutani.* Tochi ya plastiki ina meno mawili yanachomoza nyuma, bei ya chini, nzito mkononi. Hiyo ndio ile niliyompelekea mama. Ndani ni mdogo wake betri ya pikipiki, risasi na asidi, volti 4. Aina hii haitaki kukaa tupu. Ukiitumia mpaka ikafa ukaiacha wiki kadhaa bila kuchaji inaota chumvi ndani, baada ya hapo hata uichaji siku mbili inashika dakika tano. Mama alikuwa anaitunza kwa kuiacha izime kabisa ndio aichaji, "isizoee umeme" anasema, mimi sikumwambia, na umeme wenyewe ulikuwa wa kusuasua. Kwa hiyo ilikufa kwa sababu nilimpa kitu bila maelezo.

Kama unayo tayari, ichaji mara tu baada ya kuitumia hata kama bado inawaka, na kila baada ya mwezi mmoja ichaji hata kama hujaigusa. Fuata masaa yaliyoandikwa kwenye boksi, nyingi hazijui kujizima zikijaa. Usiifungue ikiwa imechomekwa, ndani kuna umeme wa ukutani. Na ile tabia ya kuchomeka meno mawili kwenye soketi ya matundu matatu kwa kusukuma tundu la juu na peni au kijiti, tafadhali, watoto wanatuangalia. Adapta ni bei ndogo.

Hatua ya 4: Mwanga, usidanganywe na namba

Mwanga unaotoka kwenye tochi unapimwa kwa lumeni. Mshumaa ni kama lumeni 12, balbu ya kizamani ya wati 60 ni kama 800. Kwenda chooni na kurudi lumeni 20 mpaka 50 zinatosha kabisa, kutembea njia ya mashimo 100, kuangalia zizi na uzio 200 mpaka 300. Kwa hiyo tochi ndogo ya kidole iliyoandikwa 300,000 inasema inashinda balbu mia tatu na zaidi kwa pamoja. Haiwezekani.

Namba ya mita nayo ina siri. Kwa kipimo kinachotumika na kampuni nyingi, ule umbali ni pale mwanga unapokuwa umebaki kama wa mbalamwezi ya mwezi mpevu, robo ya lux (lux ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu). Imeandikwa mita 200, hesabu mita 70 mpaka 100 ndio utamtambua mtu au mbuzi. Zingine ni za kukisia tu na hazikupimwa kwa kitu.

Mimi natafuta tochi yenye mwanga mdogo na mkubwa, basi. Mwanga mdogo unaweza kuongeza maisha ya betri mara nyingi, usiku wa kawaida unautumia huo. Ile ya kumweka mweka haina kazi nyumbani, na kama lazima ubonyeze mara nne kupita kwenye kumweka ndio uzime, mama atachoka nayo wiki ya kwanza.

Rangi pia. Nyeupe ya kibluu inaonekana kali dukani lakini inaua rangi za vitu, damu na tope vinafanana, nyoka wa kahawia kwenye majani makavu anapotea. Ukipata inayoegemea unjano kidogo chukua hiyo.

Na nge, maana nimemtaja. Ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau wanayotumia kuangalia noti feki, nunua moja uweke kwa ajili ya usiku. Nge akipigwa na ule mwanga anang'aa kijani kama kitu cha plastiki, unamuona toka mbali kwenye ukuta au chini ya kitanda. Aliyetoka kujivua ganda muda huo anaweza asing'ae vizuri, kwa hiyo bado piga viatu vyako chini kabla ya kuvaa. Usimulike machoni, hasa ya watoto.

Hatua ya 5: Ukiwa dukani

Beba betri zako mpya kutoka nyumbani kama tochi ni ya betri, usijaribu na za muuzaji, zake zimepangiwa kukufurahisha. Halafu ingia nayo ndani nyuma ya duka kwenye giza, saa saba mchana pale Majengo tochi zote ni sawa.

Muuzaji atakwambia "Kaka, hii haina mpinzani." Mwambie asante, halafu ifungue. Kifuniko kizunguke laini bila kukwaruza na meno yashike angalau mizunguko mitatu. Kuwe na pete ya mpira pale kinapofungia. Springi iwe ngumu kiasi, ukiibonyeza irudi. Washa, zima, washa, mara kumi, swichi isikose hata mara moja. Ikiwa inawaka itikise kwa nguvu na uigonge kwenye kiganja, ikizima zima hapo ni mguso mbovu na haitapona nyumbani. Iache iwake dakika kumi mkiwa mnaongea bei, ishike kichwa: ya chuma kupata joto ni kawaida, ya plastiki kuchemka na mwanga kushuka haraka ni dalili mbaya.

Kama ni ya kuchaji, betri yake itoke. Hili kwangu halina mjadala. Iliyogundishwa humo ndani, siku betri ikifa na tochi imekufa. Tundu la chaji liwe na kifuniko cha mpira, maana vumbi letu la kuanzia mwezi wa saba na upepo wake linaingia kila mahali. Nyingine za taipu C hazichaji ukitumia waya wenye taipu C pande zote mbili, usidhani ni mbovu, tumia waya wenye USB ya kawaida upande wa chaja.

Maji: IPX4 inavumilia kurushiwa maji pande zote, yaani mvua, IPX7 inakaa ndani ya maji mita 1 kwa nusu saa. Kwa hapa IPX4 ya kweli inatosha.

Betri nunua ndani ya duka, sio za meza ya nje stendi zilizoanikwa juani toka asubuhi, joto linazimaliza zikiwa kwenye karatasi yake. Geuza uangalie tarehe ya mwisho kutumika, na kama imefutwa futwa rudisha.

Hatua ya 6: Ikifika nyumbani

Betri za tochi moja zibadilishwe zote kwa pamoja, aina moja, siku moja. Ukichanganya mpya na nzee, ile nzee inaisha mapema halafu mpya inaendelea kuisukuma kinyume, na hapo ndipo inavuja. Watu wanadhani wanabana matumizi, kumbe wanaua tochi.

Tochi ya akiba isikae na betri ndani. Funga betri na raba pembeni yake, au kama unataka iwe tayari legeza kifuniko cha nyuma nusu mzunguko ili isijiwashe yenyewe kwenye begi.

Betri ya alkalaini ikivuja, toa, futa ule unga kwa pamba yenye siki au maji ya limao kidogo, halafu pamba yenye maji kidogo tu, kausha kivulini, malizia kwa kusugua mguso na ufutio wa shule. Vaa hata mfuko wa plastiki mkononi na usishike macho.

Zilizokufa usitupe motoni, zinapasuka. Shuleni tulikuwa tunapasua betri tunatwanga ule mkaa wa ndani kupaka ubao, mikono myeusi mpaka kwenye kucha halafu tunaenda kula. Ule weusi una manganizi na makemikali mengine, watoto wasifanye hivyo. Ziweke kwenye kopo lenye mfuniko mbali na kisima, na litiamu ziba ncha zake kwa selotepu kwanza. Ukienda mjini muulize fundi wa simu au mnunuzi wa vyuma chakavu kama anazichukua.

Ya mama sasa ni ya AA mbili, ina mwanga mdogo na mkubwa, swichi ya mpira kubwa anayoipata kwa dole gumba hata akiwa na kanga mkononi. Betri zinapatikana kwa Mangi wa pale kijijini, pea moja ya alkalaini ya akiba iko kwenye kopo la majani ya chai juu ya kabati. Nimeifunga kamba, inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, usawa wa bega lake, upande wa mkono wa kulia, na mtoto yeyote wa nyumba ile anajua ikichukuliwa inarudi pale pale.